Zamu ya usiku inanimaliza kwa upande wa chakula. Wakeshaji mnakula nini?

Nesi wa Naiti:

Habari za humu ndani. Naomba ushauri wa watu wanaokesha kikweli, si wale wa kukesha na simu.

Mimi ni muuguzi mkunga, wodi ya wazazi, hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Naiti kwetu inaanza saa moja na nusu usiku, tunakabidhi saa moja na nusu asubuhi. Kwenye ratiba ni saa 12. Sasa nihesabieni usiku wa kwanza wa mzunguko: naamka saa kumi na mbili asubuhi kumwandaa mtoto wa darasa la pili, mchana kutwa niko macho kwa sababu mdogo wake wa miaka mitatu hajui kitu kinachoitwa mama amelala, jioni naingia kazini, asubuhi nakabidhi wagonjwa, napanda bodaboda, nafika, naoga. Nikija kugusa mto ni saa nne. Hizo ni saa 28 macho kodo.

Nje ya geti tuna kijana wa chipsi anayefunga saa saba usiku. Kwa hiyo ikifika saa sita, kama wodi imetulia, tunachanga, mmoja anatoka kuleta chipsi mayai za wote na soda. Zinaliwa haraka haraka, umesimama, sikio liko chumba cha kujifungulia. Saa tisa njaa inarudi, tena si njaa ya kutaka chakula, ni ya kutaka kitu kitamu. Hapo naingia kwenye maandazi yaliyobaki, nateremshia na enaji moja, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Saa kumi na moja kiungulia kimepanda hadi kooni. Nafika nyumbani nina usingizi wa kufa, najilaza, macho yanagoma. Napata usingizi saa sita mchana, saa nane nimeamka, kichwa kama nimetwishwa ndoo. Mwaka mmoja nimeongezeka kilo 7. Sare niliyoshonewa mwaka juzi inafungwa kwa pini.

Kilichonifanya niandike ni cha wiki iliyopita. Saa kumi alfajiri nilikuwa najaza patografu ya mama mmoja, ile chati ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto tunaandika kila nusu saa, kwa hiyo unapima, unaweka nukta, unaunganisha na nukta iliyotangulia. Niliweka nukta. Nilipozinduka, mstari wa kalamu ulikuwa umeteremka kutoka kwenye nukta, umevuka pembeni ya karatasi, umeishia mezani. Sijui nilipotea sekunde tatu au dakika tatu. Mama alijifungua salama, mtoto wa kike kilo 3.1, analia kama king'ora. Lakini ule mstari upo mezani mpaka leo, kila nikikaa pale nauona.

Swali langu ni dogo: mnakula nini, na saa ngapi, ili mfike asubuhi mkiwa watu? Tafadhali msiniletee habari za saladi na samoni. Naishi wilayani.

Kidume cha Bweni:

Enaji mbili badala ya moja, karanga za mia tano, maisha yanaendelea. Ikishindikana tafuta mirungi 😂

Semi ya Tunduma:

Wewe wa bweni, mirungi Tanzania ni dawa za kulevya kisheria, unamtafutia dada wa watu kesi na kufukuzwa kazi. Kaa pembeni kidogo.

Dada nesi, pole na kazi. Mimi sikusomea lishe, ila nina miaka 19 naendesha semitrela barabara ya Dar kwenda Tunduma, zile kilomita mia tisa na ushee, na mzigo mgongoni. Nikwambie kosa langu.

Zamani nilikuwa na imani kwamba safari ya usiku inataka tumbo lililoshiba. Nikitoka Dar mchana, giza linanikuta Mikumi, pale hifadhini unaenda taratibu kwa sababu ya wanyama, nikifika Ruaha Mbuyuni nina njaa ya simba. Naagiza ugali wa watu wawili, supu ya kongoro, pilipili, soda baridi. Napiga mluzi, napanda gari. Mbele yangu ni Kitonga. Anayepajua Kitonga hahitaji maelezo, na asiyepajua achukulie ni ukuta uliochorwa barabara. Siku moja nilipandisha nusu ya mlima ule sina kumbukumbu nayo. Kilichonizindua ni honi ya basi lililokuwa linateremka, nami niko upande wake. Tandiboi wangu, yaani utingo, alikuwa amelala kuniliko. Tulipofika Ilula nilipaki, nikakaa chini ya tela, miguu haina nguvu.

Tangu siku hiyo mlo mkubwa nakula mchana, saa nane, kabla sijawasha gari. Ugali wangu, samaki au maharage, mboga ya majani nyingi, natulia nao. Jioni saa moja nakula nusu sahani, tena naiacha ikiwa bado tamu. Usiku sili, natafuna. Karanga za kukaanga zenye maganda, maana ile kazi ya kumenya nayo inasaidia. Muhogo. Hindi la kuchoma nikilipata Mafinga. Mdomo ukifanya kazi macho yanaona haya kufunga.

Kahawa nakunywa kwenye foleni ya mizani ya magari, halafu NALALA papo hapo dakika 20, tandiboi anasogeza gari. Watu wananicheka, unakunywaje kahawa ulale? Ndiyo hivyo. Kahawa inachukua kama dakika 20 au 30 kuingia kazini, mimi naamka inaanza.

Na la mwisho, macho yakianza kuuma kwa ndani, kama yana mchanga, hakuna chakula duniani cha kukuamsha. Hapo mimi napaki. Wewe huwezi kupaki, hilo sijui nikushauri nini.

Bibi Mkunga:

Mwanangu, nimestaafu baada ya miaka 34, zaidi ya nusu wodi ya wazazi, kwa hiyo huo mstari wa mezani naujua. Wangu ulikuwa kwenye kitabu cha ripoti.

Kabla sijasema lolote, nina swali. Umetueleza ulichokula saa sita na saa tisa. Hukusema ulikula nini kabla ya kutoka nyumbani. Saa kumi na mbili jioni uliweka nini tumboni?

Nesi wa Naiti:

Shikamoo bibi.

Eh. Chai.

Nimekaa na simu dakika nzima nikijaribu kukumbuka. Saa kumi na moja jioni huwa napika chakula cha usiku cha nyumbani, nampa mdogo uji, namkagua mkubwa daftari, naandaa sare. Chakula kinaiva kama saa kumi na mbili na robo na bodaboda imeshapiga honi. Nakunywa chai na kipande cha mkate nimesimama mlangoni. Mchana huo nao mara nyingi nilikula kiporo saa sita, basi.

Kwa hiyo nikinunua chipsi saa sita usiku, ndio mlo wangu wa kwanza wa maana tangu saa sita mchana. Sikuwahi kuliona hivyo.

Bibi Mkunga:

Marahaba mwanangu. Basi tatizo lako haliko getini kwa kijana wa chipsi, liko jikoni kwako saa kumi na moja. Unawapikia watu chakula halafu wewe unaondoka na harufu yake.

Kizazi chetu hatukuwa na enaji, na hata soda ilikuwa ya sikukuu. Nilichokuwa nafanya ni hiki. Siku ya kuingia naiti napika mapema, saa tisa. Saa kumi na mbili kasoro nakaa chini, NAKAA, nakula sahani yangu kama mgeni: wali au ugali, maharage au dagaa, mchicha, tunda. Hiyo ndiyo inayokuvusha hadi saa sita. Kazini nabeba chupa ya chai, ila ndani si chai, ni uji wa ulezi mzito kiasi, umetiwa karanga zilizosagwa na sukari kiduchu. Nakunywa kikombe saa sita na yai la kuchemsha, kikombe saa tisa na nusu. Uji hauhitaji kukaa mezani. Mama akisukuma unaweka kikombe, unakwenda, unarudi bado una moto.

Ulezi ukiwa ghali, uji wa mahindi na soya utafaa. Karanga zichambue, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, usiisage ati ukungu utapotea ukikaanga. Sumu yake haitoki kwa moto wa jikoni.

Na mgawane usiku. Mwenzako akila wewe uko wodini, ukila yeye yuko. Kula haraka haraka na sikio chumbani huenda ndiko kunakokuletea hicho kiungulia, pamoja na mafuta ya yule kijana.

Afisa Lishe wa Wilaya ya Mbali:

Bibi ameshamaliza kazi, mimi naongeza sababu tu, maana wauguzi mnapenda kujua kwa nini.

Mwili una saa yake. Usiku insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi vizuri kama asubuhi, kwa hiyo sahani ileile ya chipsi inapandisha sukari ya damu zaidi ikiliwa usiku kuliko ikiliwa saa mbili asubuhi, na inakawia kushuka. Tumbo nalo linafanya kazi polepole. Ndiyo maana mlo mkubwa unafaa kabla ya zamu.

Ile hamu ya kitu kitamu saa tisa si ulafi. Ukikosa usingizi, homoni ya njaa inaongezeka na ile ya kushiba inapungua. Ubongo unaomba usingizi, haupewi, unaomba sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina kama gramu 35 za sukari au zaidi, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana mtu mzima asizidi kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Inakuamsha kidogo, halafu inakuangusha chini ya pale ilipokukuta.

Enaji sasa. Kafeini, kile kiamshi kilichomo ndani yake, inachukua takribani saa 5 kupungua nusu, kwa wengine zaidi. Uliyokunywa saa tisa usiku, saa mbili asubuhi nusu yake bado iko kwenye damu, na wewe unataka kulala saa nne. Macho yanayogoma ni hayo. Enaji nyingi zina kama miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, soma ubavuni mwa chupa. Mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku, na mjamzito nusu ya hapo. Weka chai au kahawa yako mwanzoni mwa zamu, baada ya saa saba usiku ishia kwenye maji. Chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha kufyonzwa, na wanawake wengi tayari tuna upungufu. Iache ipite saa moja.

Jambo moja sijaona mtu akiligusa. Ukibeba wali kwenye hotpoti saa moja usiku ukaula saa tisa, hizo ni saa 8. Hotpoti zetu nyingi zinaacha chakula kuwa vuguvugu baada ya muda, na vuguvugu ndipo vijidudu vya wali vinapozaliana, na sumu yao haifi hata ukiupasha. Beba vitu visivyokasirika: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mayai yenye maganda yake, karanga. Wali ule nyumbani.

Kuhusu patografu, naomba nisikupambie. Utafiti wa mwaka 1997 ulipima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wao ukafanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Saa 24 wakafika kama asilimia 0.10. Wewe saa kumi alfajiri ulikuwa saa ya 22. Chakula kitakusaidia kiungulia, uzito na ile hamu ya kitu kitamu. Saa ya 22 inataka usingizi wa mchana kabla ya zamu, hata saa moja na nusu. Huyo wa miaka mitatu atafutiwe mtu.

Kahawa Tungu:

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu nesi, mie ni soja wa usiku, nalinda jumba la ghorofa Nyali mwaka wa 11 huu, zamu saa 12 kama yako ila mie wagonjwa wangu ni mageti.

Kuhusu mirungi, huku kwetu miraa ni halali, twaiona kila usiku, na nimefanya kazi na watafunaji. Ntakwambia nilichokiona. Usiku wa kwanza mtu yuko macho kama bundi, mcheshi, hadithi haziishi. Hali kitu, maana ile inakata hamu ya chakula. Asubuhi halali. Siku ya tatu tumbo limefunga, choo hakuna, na mtu hasemezeki. Mwenzangu mmoja alikonda mpaka mkanda akautoboa matundu mapya kwa msumari. Usiiguse hata ukija huku.

Mie nilichojifunza nimejifunza Ramadhani. Mwezi ule mji mzima wala usiku, na mie tumbo langu ndio hutulia kuliko miezi mingine yote. Nikajiuliza kwa nini, wakati vyakula ni vizito zaidi? Nikaona ni saa. Futari ina saa yake, daku ina saa yake, hapana kudokoadokoa katikati. Miezi mingine nilikuwa nala kila nikichoka, na usiku mtu huchoka kila dakika.

Basi nimejiwekea. Magharibi nala nyumbani, muhogo wa nazi na samaki au ugali na sukuma. Saa tano kahawa tungu vikombe viwili, vile vidogo vya mwenye dele, birika la kahawa, na tende tatu. Saa nane viazi vitamu au ndizi mbili, na maji. Basi. Saa kumi na moja mwenye mahamri apita na baiskeli, harufu yake wallahi ni mtihani. Nanunua, nafunga kwenye gazeti, nakwenda kula nyumbani na watoto kwa mbaazi. Nikila kisha nikilala, silali na njaa, lakini pia sijajaza.

Siku moja kwa wiki nayala palepale getini, ya moto. Mimi si malaika.

Kidume cha Bweni:

Jamani nilikuwa natania. Ila hiyo ya kahawa kisha kulala naijaribu wiki ya mitihani.

Semi ya Tunduma:

Weka alamu mdogo wangu. Mimi nina tandiboi, wewe utaamka mtihani umekusanywa.

Nesi wa Naiti:

Narudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi kimoyomoyo. Nimepita mizunguko miwili ya naiti. Nawapa hesabu yote, na palipofeli nitasema.

Kwanza nilimsomea mume wangu jibu la bibi, pale aliposema naondoka na harufu. Alinyamaza. Kesho yake aliniuliza maharage yanachemka muda gani. Sasa siku za naiti anapika yeye jioni, au anapasha nilichopika saa tisa, na mimi saa kumi na mbili kasoro nakaa kwenye kiti na sahani. Siku ya kwanza watoto walinizunguka kunitazama, hawajazoea kumwona mama anakula amekaa. Ugali wake una madonge. Naula wote.

Uji wa ulezi nimeupata kwa shida mwanzoni, nilisaga mwingi ukawa mzito hautoki kwenye chupa, nikawa naugonga kitako usiku wa manane kama nampigapiga mtoto mgongoni. Nimeupunguza sasa. Kikombe na yai saa sita, kikombe na ndizi saa tisa na nusu. Mwenzangu wa zamu kaonja, wiki hii tumebeba chupa mbili. Na tunagawana kweli, dakika 15 yeye, dakika 15 mimi, kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo, mlango umefungwa. Usiku wenye akina mama saba hakuna kugawana, niseme ukweli, uji unanywewa huku unatembea.

Enaji nimeacha. Kumbe nilikuwa nimeizoea kuliko nilivyodhani, siku tatu za mwanzo kichwa kiliniuma mpaka nikadhani ni malaria, nikapima, hakuna kitu. Siku ya nne kikaacha. Sasa nakunywa chai kikombe kimoja saa nne usiku, cha pili saa sita na nusu, baada ya hapo maji. Asubuhi nalala saa nne naamka saa nane na nusu au saa tisa. Saa nne na nusu za usingizi! Nilikuwa nimesahau kuota ndoto.

Kiungulia kimepungua sana, kimerudi usiku mmoja tu tulipoletewa pilau na ndugu wa mgonjwa kwa furaha ya mapacha. Pilau ya mapacha haikataliwi, na nilikula mara mbili.

Kilichofeli. Uzito umeshuka kilo moja tu, pini bado ipo. Na usiku wa kwanza wa mzunguko bado ni mgumu. Kulala mchana kabla ya zamu nimefaulu mara moja kati ya mbili. Mara ya kwanza mama wa jirani alimchukua mdogo kuanzia saa nane hadi saa kumi, nikalala fofofo, na usiku ule saa kumi alfajiri nilikuwa mtu. Mara ya pili jirani alisafiri. Nilikula vizuri, uji nilikunywa, kila kitu kwa mpangilio, na bado saa kumi na robo nilianza kusoma mstari mmoja wa faili mara nne. Afisa lishe uliniambia. Safari hii nilimwambia mwenzangu ukweli, akachukua patografu yeye, mimi nikasimama nikaenda kupima presha wodi nzima, maana huwezi kusinzia ukitembea, au mimi siwezi. Nimeomba kwa msimamizi wa wodi tupangwe watatu badala ya wawili usiku wa Jumamosi, kunakokuwa na kazi nyingi. Amesema ataangalia. Tunajua maana ya "nitaangalia", lakini nimeomba kwa maandishi.

Bibi Mkunga, uji umekolea. Kaka wa semi, karanga zenye maganda nilijaribu, maganda yalitapakaa sakafu ya wodi, dada wa usafi alinitazama kwa jicho ambalo sitaki tena, kwa hiyo hizo nakuachia wewe na barabara yako. Kaka wa Mombasa, tende huku ni ghali nje ya Ramadhani, nimeweka ndizi mahali pake.

Juzi usiku nilitoka getini saa sita kupokea simu. Kijana wa chipsi akaniuliza, "Dada nesi, ulihamishwa?" Nikamwambia nipo. Akasema biashara ya wodi yenu imekufa, mna tatizo gani na mimi? Nikacheka, nikamuuliza kama anaweza kuchemsha mayai. Jana alikuwa na sufuria pembeni ya kikaango, mayai kumi na mbili, mia tano mia tano, na kachumbari ya bure. Yaliisha kabla ya saa saba, walinzi ndio walionunua mengi.

Semi ya Tunduma:

Hahaa! Maganda ungeweka mfukoni, sista.